SOMO LA KIKUNDI: KADI YA PICHA YA KOMPYUTA IKIFA, TUNUNUE IPI?



Viko vikundi vya kujisaidia hapa Njoro, kuanzia mjini hadi Lare, Mauche na Mau Narok, ambavyo vimenunua au kupewa kompyuta moja ya mezani. Mara nyingi mashine yenyewe ni ya mtumba. Ilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya ng'ambo, ikaletwa Kenya, ikasafishwa na kuuzwa tena. Kikundi kinaitumia kuweka hesabu za maziwa na viazi, kuandika barua, kuchapisha mitihani ya shule ya jirani, na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali za eCitizen. Zile shilingi chache zinazoingia kila siku zinasaidia mfuko wa kikundi.

Halafu siku moja mnawasha. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni giza tupu. Fundi anaitwa, anaangalia, anasema, "Grafiksi imekufa. Nunueni ingine." Kamati inatoa pesa, mtu anatumwa Nakuru, anarudi na kadi. Kumbe haiingii. Au inaingia lakini mashine inazima. Au inafanya kazi lakini waya wa skrini hauna pa kuchomekwa. Muuzaji naye anasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hasara hapo ni zaidi ya ile kadi. Wanachama wanaanza kunong'ona kwamba viongozi wamekula pesa, na mkutano unaofuata watu wanakuja wachache. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya kitu kidogo kama kiganja cha mkono. Ndiyo maana tumeona tutoe somo hili.

SHABAHA YA SOMO

Baada ya somo hili wanakikundi wataweza:
1. Kujua kama kadi ya picha ndiyo mbovu kweli, au ni kitu kingine.
2. Kuamua kama kuna haja ya kununua.
3. Kuchagua kadi inayokubaliana na kompyuta yao.
4. Kununua kwa njia ambayo kila mwanachama ataiamini.

Vifaa: kompyuta yenyewe, bisibisi, rula, kalamu na daftari. Chagueni mwandishi mmoja. Mali bila daftari huisha bila habari.

SEHEMU YA KWANZA: KADI YA PICHA NI NINI?

Ndani ya lile kasha ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu kuna ubao mkubwa wenye vitu vingi. Mafundi huuita madabodi. Sisi tutauita ubao mkuu. Prosesa, ambayo ndiyo inayopiga hesabu, imekaa juu yake. Ramu, ambayo ni kumbukumbu ya kazi inayoendelea, imechomekwa hapo. Na kazi ya kuchora kile tunachokiona kwenye skrini inafanywa na kadi ya picha. Madukani mtasikia ikiitwa grafiksi au kadi ya video.

Jambo muhimu ni hili: si kila kompyuta ina kadi ya picha iliyo peke yake. Nyingi za ofisini zina uwezo wa kuchora ndani ya ubao mkuu au ndani ya prosesa. Mtajuaje? Geuzeni kasha muangalie nyuma. Kama waya wa skrini umechomekwa sehemu moja na matundu ya kibodi na mausi, hiyo ni picha ya ubao wenyewe. Kama umechomekwa chini zaidi, kwenye kipande cha bati kilicholala peke yake, hiyo ni kadi ya picha.

SEHEMU YA PILI: JE, NI KADI KWELI?

Mkulima mwenye busara hanunui dawa kabla ya kujua ni ugonjwa gani uliopiga viazi. Fanyeni majaribio haya kwa mpangilio. Hayana gharama.

(a) Skrini. Ichomekeni kwenye kompyuta nyingine ya jirani au ya shule. Ikifanya kazi, skrini ni nzima. Isipofanya kazi, basi skrini au waya wake ndio wenye shida.

(b) Waya. Angalieni zile sindano ndogo. Moja ikipinda, picha hugeuka rangi au hupotea kabisa. Kama kuna waya mwingine, jaribuni nao.

(c) Ramu. Skrini kuwa giza mara nyingi husababishwa na ramu iliyolegea au yenye vumbi. Zimeni, chomoeni waya wa stima ukutani, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kasha kabla ya kushika kitu ndani, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini unaweza kuua vifaa hivi, hasa wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu. Toa ramu, sugua meno yake ya shaba polepole kwa raba safi ya penseli, pangusa, rudisha mpaka isikike "klik".

(d) Kadi yenyewe. Itoe kwa njia hiyo hiyo. Fungua skrubu yake, bonyeza kile kishikizo kilicho mwisho wa nafasi yake, kisha ivute juu bila kuipinda. Safisha meno yake, puliza vumbi, irudishe. Zungusha feni yake kwa kidole. Ikiwa ngumu, joto ndilo lililoiua. Angalia pia vile vimkebe vidogo vya kapasita. Vikivimba kichwani au kutoa maji, kadi hiyo imekwisha.

(e) Jaribio kubwa. Kama nyuma ya kasha kuna tundu la picha kwenye ubao mkuu pia, ondoeni kadi kabisa, hamisheni waya wa skrini kwenye tundu hilo la ubao, halafu washeni.

Picha ikitokea kwenye jaribio hili la mwisho, mmepata habari mbili. Kwanza, kadi ndiyo mbovu. Pili, pengine hamna haja ya kununua nyingine! Kuchapa barua, kuweka hesabu, kujaza fomu na kutazama video ya mafunzo ya kilimo, kazi hizo zote picha ya ubao inaziweza. Kadi ya pekee inahitajika na wale wanaochora ramani na majengo, wanaokata video za harusi kwa biashara, au wanaotumia skrini nyingi. Basi jiulizeni kikundi chenu kinafanya kazi gani kabla ya kufungua mfuko.

Kama ubao hauna tundu la picha, au linatoa giza vilevile hata baada ya kusafisha ramu, endeleeni na somo. Lakini kwanza mwombeni mtu mwenye kadi nzima awaazime kwa nusu saa mjaribu. Giza likibaki hata kwa kadi nzima, basi ugonjwa uko kwenye ubao au kile kisanduku cha umeme, na kadi mpya haitaponya kitu.

SEHEMU YA TATU: MAMBO MATANO YA KULINGANISHA

Kadi na kompyuta ni kama jembe na mpini. Jembe likiwa zuri namna gani, tundu lisipolingana na mpini hamlimi. Yako mambo matano, na yote lazima yakubali. Manne yakikubali na moja likatae, kadi haifai.

1. Nafasi ya kuchomeka

Kompyuta za mezani zimepitia aina tatu za nafasi za kadi ambazo bado mnaweza kukutana nazo. Ya zamani ni PCI, iliyotoka mwaka 1992. Ikafuata AGP mwaka 1997, ambayo ilikuwa ya kadi za picha pekee. Tangu mwaka 2004 kompyuta zikaanza kuja na PCI Express, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Majina PCI na PCI Express yanafanana lakini ni vitu viwili tofauti. Kadi ya moja haiingii kwenye nyingine. Msiamini rangi peke yake, kwa sababu kila kiwanda hupaka kinavyotaka. Nafasi ya kadi ya picha ya PCI Express ni ile ndefu, karibu sentimita 9, na mara nyingi ina kishikizo mwishoni. Kando yake mara nyingi mtaona vinafasi vifupi vya sentimita 2 na nusu. Hivyo ni vya kadi nyingine ndogo.

Habari njema ni kwamba PCI Express ina vizazi, cha kwanza, cha pili, cha tatu na kuendelea, na vizazi hivyo huelewana. Kadi ya kizazi cha tatu huingia kwenye ubao wa kizazi cha pili, ila itakwenda kwa mwendo wa yule mzee.

Kama mashine yenu ni ya AGP, ushauri wetu ni msitumie pesa. Hiyo ni mashine ya kama miaka ishirini iliyopita. Kadi za AGP zenyewe zina aina za volti tofauti, 3.3 na 1.5, na ni shida kuzipata zikiwa nzima. Afadhali pesa hizo ziwe mwanzo wa kuchangia kompyuta nyingine ya mtumba.

2. Umeme

Hapa ndipo vikundi huumia. Kadi inakula umeme, na umeme huo unatoka kwenye kisanduku cha chuma kilicho ndani ya kasha. Mafundi hukiita pawasaplai. Nafasi ndefu ya PCI Express inaweza kutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huja na tundu lake la umeme pembeni: la sindano 6 linaongeza hadi wati 75, la sindano 8 hadi wati 150. Kompyuta nyingi ndogo za ofisini hazina waya wa kuchomeka hapo. Tena ziko ambazo mtengenezaji wake ameweka kikomo cha chini ya wati 75 kwenye ile nafasi, kwa hiyo someni kitabu cha mashine yenu.

Tupige hesabu pamoja. Chukueni mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, lile kasha dogo. Pawasaplai yake ni ya wati 240. Prosesa ya Intel i5-3470 inakula kama wati 77. Ubao, ramu, diski na feni tuzipe wati 50. Jumla ni 127.

Tukiweka kadi ya wati 30: 127 + 30 = 157. Inabaki akiba ya wati 83. Vizuri.

Tukiweka kadi ya wati 150: 127 + 150 = 277. Imepita 240. Mashine itazima yenyewe, au pawasaplai itaungua.

Msijaze hadi ukingoni. Pawasaplai iliyofanya kazi miaka kumi haina nguvu ile ya ujana wake, kama sisi tu. Acheni akiba ya robo hivi. Na fundi akisema atawaunganishia waya wa umeme kutoka kwa diski ili kadi kubwa iwake, mkataeni kwa heshima. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata moto, na moto hauchagui ni ofisi ya nani.

Kadi ambazo hazina tundu la umeme pembeni ndizo salama kwa mashine za aina hii. Kwa mfano GeForce GT 710 inakula hadi wati 19, na GT 1030 kama wati 30.

3. Ukubwa

Chukueni rula. Kompyuta za ofisini huja kwa makasha mapana na makasha membamba. Kwenye kasha pana, bati la kadi lina urefu wa kama sentimita 12. Kwenye kasha jembamba ni kama sentimita 8. Kadi ndefu haiwezi kuingia kwenye kasha jembamba hata mkiisukuma. Kadi fupi inaweza kuingia kwenye kasha pana, mradi iwe na bati refu la kubadilisha. Kwa hiyo mkinunua kadi fupi, ulizeni kama bati zote mbili zimo kwenye boksi.

Pimeni pia urefu wa ndani, kutoka nyuma ya kasha hadi mahali pa diski au waya za kwanza. Halafu angalieni unene. Kadi nyingine zina feni nene zinazokalia nafasi mbili, yaani kama sentimita 4. Andikeni vipimo vyote vitatu kwenye daftari. Msivitegemee kichwani.

4. Tundu la skrini

Skrini nyingi za mtumba zina tundu la VGA tu, lile la sindano 15 kwa mistari mitatu, mara nyingi la rangi ya buluu. Lilianza mwaka 1987. Kadi za sasa nyingi hazina VGA tena. Zina HDMI, ambayo ni ile ya televisheni, au DisplayPort, au DVI, ambayo mara nyingi ni nyeupe.

Kama kadi ina VGA, chomekeni muendelee. Kama haina, msikimbilie kiunganishi cha bei rahisi, kwa sababu VGA na HDMI zinazungumza lugha mbili. HDMI hupeleka tarakimu, VGA hupeleka mawimbi. Lazima kuwe na mkalimani katikati, kidude chenye umeme wake ndani cha kugeuza lugha. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, bila kidude hicho, hautatoa picha.

DVI nayo ina hila. Angalieni ile sehemu bapa iliyo kando ya matundu madogo. Ikiwa imezungukwa na matundu manne, hiyo ni DVI-I, na kiunganishi rahisi cha kwenda VGA kitafanya kazi. Ikiwa haina matundu hayo manne, hiyo ni DVI-D, na kiunganishi rahisi hakitafanya kazi. GT 1030 nyingi zina HDMI na DVI-D bila VGA. Kwa hiyo ongezeni bei ya mkalimani kwenye hesabu yenu kabla ya kusema kadi hiyo ni ya bei nafuu.

5. Programu

Kadi ikishaingia inahitaji programu ndogo ya kuifundisha kompyuta namna ya kuitumia. Mafundi huiita draiva. Kila draiva imeandikwa kwa ajili ya toleo fulani la Windows. Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 7 mwezi Januari 2020, na Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Nvidia iliacha kutoa draiva mpya za Windows za biti 32 baada ya toleo lake la 390 la mwaka 2018. Kama mashine yenu bado ina Windows ya biti 32, kadi mpya inaweza kuonyesha picha tu lakini bila nguvu yake. Ili kujua, fungueni sehemu ya maelezo ya kompyuta msome kama ni 32 au 64, kisha muandike.

Liko jambo jingine. Kompyuta za kabla ya mwaka 2012 hivi nyingi huamka kwa mtindo wa zamani unaoitwa BIOS. Baadhi ya kadi mpya zinategemea mtindo mpya wa UEFI, na kwenye mashine ya zamani zinaweza kukataa kuonyesha chochote. Kwa hiyo kwa mashine ya 2010, kadi ya umri unaokaribiana nayo ni salama kuliko kadi iliyotoka mwaka jana. Ng'ombe mzee hafungwi nira moja na fahali.

SEHEMU YA NNE: MAJINA YANAWEZA KUDANGANYA

Wauzaji hupenda kutaja GB. "Hii ni ya GB nne!" Lakini GB nyingi kwenye kadi dhaifu ni kama debe kubwa kwenye kisima kisicho na maji. Jina pia halitoshi. GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina hilohilo lakini kumbukumbu ya DDR4, na ni ya polepole zaidi. GT 730 nayo ilitoka mwaka 2014 kwa aina zaidi ya moja. Someni maandishi yote kwenye boksi.

Tena ziko kadi bandia. Watu huchukua kadi ya zamani, wanabadilisha programu iliyo ndani yake ili ijitaje kama kadi mpya, kisha wanabandika karatasi mpya. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 inaweza kutambua nyingi za kadi bandia za Nvidia na kuziandika wazi kwamba ni feki. Ombeni muuzaji aiwashe kadi mbele yenu na kuifungua GPU-Z kabla ya pesa kutoka. Mwenye bidhaa safi hataogopa.

Sikilizeni mazungumzo haya, kisha wawili wenu wayaigize mbele ya kikundi.

Mwenyekiti: Hujambo kijana wangu? Tunatafuta kadi ya picha.

Muuzaji: Sijambo mama, karibuni. Chukueni hii ya GB nne, ni moto sana.

Mweka hazina: Inakula wati ngapi?

Muuzaji: Hiyo sijaangalia. Lakini iko na waya yake ya stima hapa kando.

Mwenyekiti: Basi hiyo haitufai. Pawasaplai yetu ni ya wati 240 na haina huo waya. Tena kasha letu ni lile jembamba. Bati lisizidi sentimita 8.

Muuzaji: Aa, mmekuja mmejipanga! Basi iko hii ndogo. Haihitaji waya.

Mweka hazina: Ina VGA?

Muuzaji: Iko nayo, hii hapa.

Mwenyekiti: Vizuri. Tuwashie tuone, halafu utuandikie risiti na siku za garanti. Ikikataa kwetu tukurudishie.

Muuzaji: Sawa mama. Nawapa mwezi mmoja.

Mmeona? Hawakubishana wala kujifanya mafundi. Walikuwa na daftari tu.

SEHEMU YA TANO: KUNUNUA KWA UWAZI

Hata kadi sahihi ikinunuliwa kwa njia ya gizani italeta ugomvi. Fuateni hatua hizi:

- Jambo lijadiliwe kwenye mkutano na kuandikwa kwenye miniti: shida ni nini, nani alipima, ni majaribio gani yamefanywa.
- Ulizeni bei maduka matatu. Andikeni bei ya kadi, ya kiunganishi, ya nauli na ya fundi. Hiyo jumla ndiyo bei kamili.
- Linganisheni na bei ya kompyuta nzima ya mtumba. Jumla ikifika nusu ya bei hiyo, simameni mfikiri upya.
- Tumeni watu wawili, si mmoja. Mmoja aangalie kadi, mwingine ashike pesa.
- Pesa ikitumwa kwa M-Pesa, itumwe kwa nambari ya duka, na ujumbe uhifadhiwe pamoja na risiti.
- Risiti iwe na jina kamili la kadi na siku za garanti. Neno "kadi" peke yake halitoshi.
- Kwenye mkutano unaofuata, washeni kompyuta wanachama wote waone.

Mkikwama kwenye vipimo, msione haya kuuliza. Hapa Njoro tuna Chuo Kikuu cha Egerton, na mjini Nakuru iko Rift Valley National Polytechnic. Wako vijana wetu wanaosoma kompyuta huko. Mwombeni mmoja aje Jumamosi awapimie. Mpeni chai na nauli.

SEHEMU YA SITA: ISIFE TENA

Kadi nyingi huuawa na joto, vumbi na stima inayoruka. Msiweke kompyuta sakafuni wala karibu na mashine ya kusaga unga. Fungueni kasha kila baada ya miezi mitatu, na wakati wa vumbi la Januari na Februari kila mwezi. Pulizeni, lakini shikeni feni isizunguke. Stima yetu ni ya volti 240, lakini ikirudi baada ya kupotea inaweza kupanda ghafla. Nunueni kifaa cha kukinga, na stima ikipotea chomoeni, msubiri irudi na kutulia. Radi ikianza kunguruma, chomoeni waya ukutani kabisa.

Na ile kadi mbovu? Msiichome wala kuitupa shambani. Vifaa vya zamani vina risasi kwenye viungio vyake, na sumu hiyo huingia udongoni na majini. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea takataka za vifaa vya stima. Vikundi kadhaa vinaweza kukusanya vitu vyao pamoja na kupeleka mara moja kwa mwaka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kompyuta yetu inafanya kazi gani hasa? Je, kazi hiyo inahitaji kadi ya pekee?
2. Ni nani kati yetu anajua vipimo vya mashine yetu? Akihama au akiugua, nani mwingine atajua?
3. Je, tuliwahi kununua kitu ambacho hakikutufaa? Ni hatua gani iliyorukwa?
4. Kama kadi mpya itakula nusu ya bei ya mashine nzima, tutaamuaje, na nani ana haki ya kuamua?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, fungueni kompyuta yenu ikiwa imezimwa na kuchomolewa, hata kama ni nzima. Jazeni karatasi hii na muibandike ndani ya mlango wa kabati la ofisi:

Jina na mwaka wa mashine: ...........
Aina ya nafasi ya kadi: ...........
Wati za pawasaplai: ...........
Waya wa sindano 6 au 8 upo? ...........
Kimo cha bati, urefu wa ndani, unene: ...........
Tundu la skrini: ...........
Windows gani, biti 32 au 64: ...........
BIOS au UEFI: ...........

Karatasi hiyo ikiwa tayari, siku skrini itakapokuwa giza hakuna atakayebabaika. Atakayetumwa Nakuru ataibeba mkononi, na atakayebaki nyumbani atajua ni nini kimeenda kununuliwa na kwa sababu gani. Rahisi ni ghali, lakini kipimo hakina gharama.